Ekzosi ya pikapu inapovuja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Nitajuaje kama ni ekzosi inayovuja, si injini inayogonga?

Sikiliza asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Ekzosi inayovuja kwenye manifoldi (chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda), au kwenye kiungo cha kwanza chini yake, hutoa mlio mkavu, tk-tk-tk, unaokwenda sawa na mzunguko wa injini. Ukikanyaga mafuta nao unakwenda mbio. Injini ikipata moto chuma hutanuka, ufa unajibana, na baada ya dakika tano hadi kumi mlio unapungua au unapotea kabisa. Vali zinazotaka kurekebishwa hulia karibu hivyo hivyo, lakini haziachi masizi popote. Beringi ya konrodi hugonga kwa sauti nzito, na hiyo huzidi injini ikipata moto kwa kuwa oili imekuwa nyepesi.

Uvujaji wa nyuma zaidi, kuanzia chini ya kebini mpaka kwenye sailensa, hauna tk-tk. Huo ni mvumo, na haujali injini ni baridi au ya moto.

Ndiyo maana ukitoka na pikapu yako Mkokotoni ukamfikia fundi mjini saa sita mchana, atakwambia hasikii kitu, na kweli hasikii. Ilaze kwake, aiwashe mwenyewe asubuhi.

Pahala panapovuja napatafutaje?

Kwanza uwanja uwe mgumu, si mchanga. Magurudumu yatiwe kabari na pikapu ikae juu ya stendi mbili, si jeki peke yake. Kazi ifanywe nje, si ndani ya banda lililofungwa.

Kabla hujawasha, tembeza tochi kuanzia kwenye manifoldi kurudi nyuma. Unatafuta masizi. Hewa inayotoka kwa nguvu huacha alama mfano wa kipepeo cha makuti: nyembamba pale kwenye tundu, pana inapoishia. Kwenye dizeli alama ni nyeusi tii. Kwenye petroli huwa hafifu, ya kijivu, na inataka jicho. Tazama zaidi pale manifoldi inapokutana na hedi (kichwa cha injini), khasa silinda ya mwanzo na ya mwisho, kisha kiungo cha flanji (sahani mbili zinazobanwa kwa bolti) chenye gasketi, yaani kizibo cha kati, ya duara, bomba dogo la kurudisha moshi kama pikapu yako inalo, kipande cha bomba kinachopinda, nyuzi za kufungia sensa ya oksijeni, na mishono yote ya kuchomelea. Sailensa iache mwisho.

Baada ya hapo mwenzako awashe. Wewe, ukiwa na glavu, ziba mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kilicholowa, sekunde tano tu. Hewa ikikosa njia hutafuta pengine, na uvujaji mdogo usiosikika utaanza kutoa fsss. Ekzosi iliyo nzima itakisukuma kitambaa mkononi mwako na injini itaanza kuzongwa. Injini isiyojali kuzibwa ina pahala pengine pa kupumulia.

Sauti ikiwa ni ngumu kuifuata, chukua kipande cha mpira wa kumwagilia maji, mita moja inatosha. Ncha moja weka sikioni, nyingine itembeze sentimita mbili kutoka kwenye kila kiungo. Ukipita penye tundu utadhani mtu anakupulizia ndani ya sikio. Angalia tu mpira usikaribie feni wala mikanda.

Njia ya uhakika kuliko zote ni ya kupuliza hewa kinyume, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Shikiza blowa ya kupulizia vumbi kwenye bomba la nyuma, jazia nafasi kwa kitambaa, kisha nyunyiza maji ya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye kila kiungo. Panapovuja patafura povu. Usiogope ukisikia hewa kidogo ikipita upande wa kichujio cha hewa. Hiyo inapita kwenye vali zilizosimama wazi. Maji ya sabuni kwenye ekzosi ya moto hayafai kitu: yanakauka kabla hujaona povu.

Wapo wanaouliza kama chetezo chenye ubani kinaweza kutoa moshi wa kutafutia tundu. Moshi wenyewe ni mchache na unapotea ndani ya sailensa. Ubani wako bakisha kwa kazi yake.

Fundi amebadilisha sailensa na mlio uko pale pale. Kwa nini?

Kwa sababu sailensa ndiyo inayoonekana na ndiyo rahisi kutoa. Sauti husafiri ndani ya bomba, na ukisimama nyuma ya pikapu kila kitu unakisikia kama kinatoka nyuma. Fundi anayetaka kukubadilishia sailensa bila kuziba bomba kwa kitambaa na bila kufungua boneti anabahatisha kwa pesa zako.

Nina keri. Moshi unaingia ndani nikisimama kwenye foleni. Niendelee kuendesha?

Hapana. Kwenye keri (Bara huita kirikuu) injini iko chini ya viti, na kifuniko chake kina raba ya kuzibia ambayo baada ya miaka inakauka na kukatika. Manifoldi ikivuja, moshi uko chini ya makalio yako. Kwenye mwendo upepo unausukuma nyuma. Kwenye foleni ya Darajani hakuna upepo wa kuusukuma, unakuja kwako.

Harufu unayoisikia si ndiyo hatari yenyewe. Kinachoua ni kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, haina rangi na haiwashi macho. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na injini ya petroli huitoa kwa wingi kuliko ya dizeli. Ishara zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio na sababu. Kama kichwa kinauma kila ukiendesha na kinapoa ukikaa nje, huo si uchovu. Mtu akilegea au akichanganyikiwa, mtoe kwenye hewa safi na mpeleke hospitali (Mnazi Mmoja kwa Unguja, kwa Pemba, Abdalla Mzee au Chake Chake, iliyo karibu), na mwambie daktari tangu mlangoni kwamba alikuwa ndani ya gari inayovuja moshi. Matibabu ni oksijeni, na bila kuambiwa hilo daktari anaweza kuanza na malaria.

Ikibidi uipeleke keri kwa fundi, fungua vioo vyote, feni ya ndani iwe kwenye hewa ya nje, na usikae ukiunguruma pahala pamoja. Ukirekebisha ekzosi, badilisha na ile raba ya kifuniko.

Abiria wanakaa nyuma chini ya turubai. Wao si wako kwenye hewa?

Si hivyo. Pikapu ikienda, nyuma yake hewa huvutwa ndani badala ya kutoka. Turubai likifungwa mbele na pembeni kwa ajili ya mvua, likaachwa wazi nyuma tu, linakuwa mfuko wa kukusanyia moshi. Wachumaji karafuu wanaorudi jioni wakati wa vuli, watoto wakiwa wamelala sakafuni, ndio walio hatarini zaidi. Mambo mawili yanapunguza hatari: turubai liachwe na nafasi mbele ili hewa ipite, na bomba la nyuma lizidi ukingo wa bodi kwa sentimita tano au zaidi. Bomba lililokatwa chini ya bodi kwa sababu ncha ilioza ni kosa, hata kama hakuna tundu jingine popote.

Mbona ekzosi hapa haidumu?

Chumvi ya nje na maji ya ndani. Pikapu inayobeba mwani mbichi kutoka Paje au Jambiani inadondosha maji ya bahari kupitia mishono ya sakafu ya bodi, moja kwa moja juu ya bomba la moto. Maji yanakauka, chumvi inabaki, safari inayofuata inaongezwa juu yake. Ukitazama bomba kama hilo utaona limeoza kwa mistari, sambamba na mishono ya sakafu. Hata pikapu isiyobeba mwani ikilala karibu na pwani hupata umande wa chumvi kila usiku.

Ndani nako, lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Safari ndefu huyatoa yote kama mvuke. Safari za Darajani hadi Mwanakwerekwe, zima washa, hazipashi sailensa moto wa kutosha, na maji yanalala chini yake. Kwa hiyo sailensa ya pikapu ya mjini mara nyingi huoza kutoka ndani huku nje ikiwa bado na rangi.

Baada ya mzigo wa mwani, osha chini kwa maji ya bomba dakika tano, lakini ekzosi iwe imepoa. Manifoldi ya chuma cha kusubu iliyotoka kupanda vilima vya Pemba na mzigo, ukiimwagia maji baridi au ukaizamisha kwenye dimbwi la masika, inapasuka. Oili chafu msiipake kwenye bomba; hutoa moshi, inaweza kushika moto, na inalainisha raba za kuning'inizia mpaka zikatike. Rangi inayovumilia joto la nyuzi 600 husaidia kwenye bomba jipya lililosuguliwa likawa safi. Juu ya kutu ni kazi bure.

Naweza kuziba kwa kopo, simenti ya ekzosi au silikoni?

Inategemea ni wapi. Kwenye bomba la nyuma au kwenye sailensa, kopo la maziwa ya unga hufanya kazi nzuri ya kukufikisha nyumbani. Likate, lifungue liwe bapa, sugua bomba kwa brashi ya waya, paka simenti ya ekzosi, zungusha kopo lipite tundu kwa sentimita nne kila upande, bana kwa klampu mbili za mpira wa maji. Iache injini iungurume polepole dakika kumi simenti ishike. Hesabu wiki chache, si mwaka. Na kopo liwe la bati la chuma, si la soda: lile ni aluminiamu, jembamba, linatoboka upesi.

Silikoni haina kazi kwenye manifoldi. Hata ile nyekundu ya joto kali huvumilia nyuzi 300 hivi, na manifoldi ya petroli yenye mzigo hupita 600. Itaungua, itadondoka, na mabaki yake utayakwangua siku ya kuweka gasketi mpya.

Gasketi ya manifoldi inabadilishwaje?

Kazi yenyewe ni ya saa tatu. Kutu ndiyo inayoifanya ya siku mbili.

Jioni ya kwanza, nyunyiza oili ya kulegeza kutu kwenye nati zote za manifoldi na za flanji ya chini, injini ikiwa imepoa. Rudia kabla ya kulala. Mafuta ya taa wengi huyatumia, lakini ni dhaifu, na juu ya chuma cha moto yanawaka.

Asubuhi toa waya wa hasi wa betri, kisha bati la kukinga joto. Bolti zake za milimita kumi huwa zimeoza kichwa. Tumia soketi ya pembe sita, si ya kumi na mbili. Fungua flanji ya chini kwanza, kisha nati za manifoldi kuanzia pembeni kuelekea katikati. Nati ikigoma usiilazimishe. Irudishe robo mzunguko upande wa kukaza, ongeza oili, jaribu tena. Kwenda na kurudi ndiko kunakookoa stadi (bolti isiyo na kichwa iliyofungwa kwenye hedi).

Manifoldi ikitoka, piga picha namna gasketi ya zamani ilivyokaa. Kwangua uso wa hedi kwa kisu cha plastiki au cha shaba, kwani hedi za aluminiamu hukwaruzika kwa kuguswa tu. Gasketi za zamani sana zinaweza kuwa na asbesto: zilowanishe kabla ya kukwangua, wala usipulize vumbi lake kwa kompresa.

Hapa ndipo wengi huharibu. Laza rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi na jaribu kupitisha fila geji (bati jembamba la kupimia nafasi) chini yake. Ikipita ya milimita 0.3, manifoldi imejipinda na gasketi mpya itaungua ndani ya miezi. Ipeleke ikasagwe kwa mashine. Grenda ya mkono haitoi uso ulionyooka, hata mkono uwe wa nani.

Gasketi za bati huwekwa kavu, bila silikoni na bila grisi. Stadi zipake grisi ya shaba kidogo, weka nati mpya, na kaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa awamu tatu. Kama huna kitabu cha gari, stadi ya milimita 8 inataka Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 20 hadi 25, na ya milimita 10 inataka Nm 40 hadi 50. Washa mpaka ipate moto, zima, iache ipoe kabisa, kaza tena mara moja. Na usiikaze ikiwa moto.

Gasketi ya duara ya chini ibadilishwe siku hiyo hiyo. Ukikaa Pemba, chukua ya zamani mkononi uende nayo dukani, na kama haipo, ipime kipenyo cha ndani, cha nje na unene ndipo uagize Unguja au Dar. Namba ya injini pekee haitoshi, maana pikapu nyingi zilishabadilishwa mabomba kabla hujazinunua.

Stadi imekatika ndani ya hedi. Nifanye nini?

Kama imebaki nje hata milimita tatu, vesha nati iliyo kubwa kidogo, ichomelee ndani kwa ndani, iache ipoe mpaka isiunguze, kisha geuza kwa spana. Joto la kuchomelea ndilo linalovunja kutu. Nati ni mpini tu. Mara nyingine inataka kurudiwa mara tatu.

Ikiwa imekatika sawa na uso, piga alama katikati kabisa kwa senta panchi na toboa kwa keekee ndogo kwanza, ya milimita tatu. Ukienda upande, utakula uzi wa hedi, na hapo ni kupanua tundu na kutia uzi wa kuvesha. Mtu asiye na mkono wa kutoboa amwachie fundi wa karakana ya mashine. Kichomozi cha kugongea, kile cha nyuzi za kushoto, kikikatikia ndani ni kigumu kuliko keekee yako, na tatizo limekuwa mawili.

Manifoldi ina ufa. Inachomeleka?

Inachomeleka, ila haidumu sana. Chuma cha kusubu kinataka kupashwa moto kwanza, vijiti vya nikeli, na kupozwa polepole, hata kwa kufukiwa ndani ya mchanga mkavu. Kijiti cha kawaida kitashika mbele ya macho yako na kupasuka pembeni mwa mshono wiki ijayo. Manifoldi iliyotumika isiyo na ufa ni bora. Kabla ya kulipa, ining'inize kwa kamba uigonge kwa nyundo ndogo: nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka.

Fundi anataka kutumia bomba la maji la GI (chuma kilichopakwa zinki). Sawa?

Kwa kushauri, hapana. Bomba la ekzosi la inchi mbili lina unene wa milimita 1.5 hivi na uzito usiofika kilo mbili kwa mita. GI ya kiasi hicho ina kilo tano. Uzito huo unaning'inia kwenye raba zile zile, unatikiswa na matuta ya barabarani, na unavuta flanji ya mbele mpaka gasketi inapuliza tena. Pia zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaompa fundi homa na kutetemeka usiku. Kama hakuna jingine, basi kipande kifupi, zinki isagwe sentimita tano kila ncha kabla ya kuchomelea, kazi ifanywe penye upepo.

Bomba la stenlesi hudumu zaidi penye chumvi. Usilikatae kwa sababu sumaku imenasa, kwani stenlesi nyingi za ekzosi hunasa sumaku.

Kuchomelea kunaweza kuharibu kompyuta ya gari?

Kunaweza. Toa waya wa hasi wa betri, na klampu ya ardhi ya mashine ifungwe kwenye bomba lenyewe, karibu na mshono, isifungwe kwenye bampa. Chomoa sensa ya oksijeni kama iko karibu. Kwa bomba jembamba vijiti vya geji 14 (namba kubwa ndiyo nyembamba) vinafaa, au geji 12 kwa mkono mwepesi. Geji 10 itatoboa. Angalia juu ya mshono kuna nini: tangi la mafuta, bomba la breki, nyaya. Ndoo ya mchanga iwe karibu.

Taa ya injini imewaka na petroli inakwisha haraka. Inahusiana?

Inawezekana. Tundu lililo mbele ya sensa ya oksijeni halitoi moshi tu. Kati ya pumzi moja na nyingine linavuta hewa ndani. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mafuta ni machache na inaongeza. Kodi ya P0171 (namba ya hitilafu inayosema mafuta ni machache) kwenye pikapu inayolia tk-tk asubuhi isikufanye ununue sensa kwanza. Ziba tundu, futa kodi, endesha siku mbili.

Yangu ni dizeli ya tabo (feni ya kuipa injini hewa, inayozungushwa na moshi wa ekzosi). Kuna tofauti?

Uvujaji kati ya manifoldi na tabo unaiba nguvu ya kuizungusha. Utapata filimbi, moshi mweusi na pikapu nzito mlimani. Usiibadilishe tabo kabla ya kukagua gasketi hiyo.

Nitoe masega (kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi) niweke bomba tupu?

Masega mazima hayana kosa, na kuyatoa kunakuachia harufu kali na taa ya injini. Yaliyovunjika ni jambo jingine: yanaziba njia, hewa inarudi mbele, na gasketi mpya zinapuliza moja baada ya nyingine. Yagonge kwa ngumi ekzosi ikiwa baridi. Yakilia kama njugu ndani ya kopo, gasketi si ugonjwa wako.

Maji yanadondoka kwenye tundu dogo chini ya sailensa. Nilizibe?

Acha. Tundu hilo la milimita tatu limetoka nalo kiwandani ili maji yatoke. Likizibwa kwa kutu, lifungue kwa msumari.